Sura yako kwa tangazo la mtu mwingine: kwani ukitrendi unakuwa mali ya umma? (uzi mrefu, vumilieni)

#1 MwanaUmo

Wasee kuna imani imeingia hii Nairobi na watu wameikubali bila kuuliza, eti mtu akishatrendi basi sura yake ni ya kila mtu, yeyote anaweza kuichukua auzie sabuni, auzie mkopo, auzie ploti ya Kitengela, na mwenye sura akae tu atazame. Mimi nasema hapana, na nataka tuiongee vizuri kwa sababu nimeona venye imemfanyia jirani yetu.

Huku kwetu Umoja kuna mama anauza smocha (chapati imefungwa na soseji ndani) na mayai pasua pale stage, sitamtaja jina. Kuna kijana alikuja akataka smocha mbili za deni, mama bila hata kuinua macho kutoka kwa kachumbari akamwambia "Deni tulizika jana, leo tuko matanga, ukitaka kuchanga changa." Kumbe kuna mtu anarekodi. Klipu ikaenda TikTok, ikaingia magrupu ya WhatsApp, ikawa stika, watu wakacheka, mama mwenyewe akacheka, wateja wakaongezeka kiasi. Mpaka hapo hakuna mtu alikuwa na neno, ni raha ya mtaa tu.

Halafu programu moja ya mikopo ya simu ikachukua ile klipu. Wakamkata kijana, wakaacha uso wa mama na sauti yake, wakabandika nembo yao kwa kona na maandishi chini kwamba deni la mtaa limezikwa, sasa kopa kwetu. Na hawakuposti tu hivi hivi, wamelipia, ukiiona Facebook imeandikwa pale juu kabisa kuwa ni tangazo la kudhaminiwa. Hawakumuuliza mama, hawakumlipa hata bei ya trei ya mayai. Sasa watu wa mtaa wakaanza kumwendea wakidhani yeye ni ajenti wao. Kuna mmoja alikopa, akashindwa kulipa, wakaanza kupigia jamaa zake simu, na yeye badala ya kwenda kwao akaja kumgombeza mama mbele ya wateja, "si ni wewe ulituambia tukope huko". Huyu mama ndiye anashika pesa ya chama. Akipoteza jina hapo mtaani amepoteza kila kitu, hiyo smocha hata haitauzika.

Mtoto wake aliwaandikia inbox, wakamjibu kwamba hiyo vidio iko intaneti na iko wazi kwa kila mtu.

Hilo jibu ndilo limenikasirisha. Kuonekana na watu ni kitu kimoja, kufanywa mtangazaji wa bidhaa ya mtu ni kitu kingine kabisa. Katiba ya 2010 kifungu cha 31 inalinda faragha ya kila mtu, na mwaka wa 2019 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data, na kwa hiyo sheria picha ya mtu anayetambulika ni data yake, sauti yake ni data yake. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa ikitrendi". Nimesoma yote.

Semeni maoni yenu.

#2 JamaaWaKayole

Pole kwa huyo mama, hiyo ya kugombezwa ni mbaya. Lakini mimi naogopa mahali mnaelekea. Mnakumbuka Githeri Man? 8 Agosti 2017, foleni ya kura huku kwetu Kayole, jamaa amesimama na githeri yake kwa mfuko wa plastiki anakula pole pole akingoja zamu, picha ikapigwa, na nchi nzima ikapumua. Mnajua ile siku vile watu walikuwa na wasiwasi. Watu wakamweka kwa picha za kila aina, kampuni zikamkimbilia, mwisho wa mwaka akapewa hadi nishani ya rais. Sasa kama aliyepiga ile picha angeambiwa leta kwanza fomu imewekwa sahihi tungeipata wapi? Mkianza na sheria kwa kila klipu mtaua utani wa hii nchi, na utani ndio umetubeba.

#3 MwanaUmo

@JamaaWaKayole hatupingani mkubwa. Ile picha ya Kayole ilipigwa siku ya uchaguzi mahali pa umma, ni habari, na utani uliofuata ni utani wa wananchi. Mimi sina shida na stika ya mama, hata mimi niko nayo kwa simu. Shida yangu inaanzia pale mtu anatoa pesa ili sura ya mwenzake imletee pesa, halafu mwenye sura anaambiwa asante kwa kutrendi.

#4 SheriaMtaani

Nimemaliza sheria niko kwa hatua ya mwisho kabla ya kuapishwa, kwa hivyo hii si ushauri rasmi, ni maoni.

MwanaUmo yuko sawa kwa jambo kubwa ila niongeze kitu ambacho hiyo kampuni itakuja kusema, ili msishikwe bila kujiandaa. Sheria ya 2019 kifungu cha 28 inasema data ichukuliwe kutoka kwa mwenyewe, lakini inaweza kuchukuliwa kwa njia nyingine kama mwenyewe kwa makusudi ameiweka wazi kwa umma. Hapo ndio watakimbilia, "ilikuwa wazi". Sasa soma tena hayo maneno, mwenyewe, na kwa makusudi. Mama hakujirekodi, hakuposti, mtu mwingine ndiye aliposti. Na hata angejiposti mwenyewe, hiyo inagusa kuchukua tu, bado kifungu cha 30 kinataka sababu halali ya kutumia, na kifungu cha 37 kinaongea moja kwa moja juu ya kutumia data ya mtu kibiashara, lazima awe ametoa ruhusa waziwazi ama kuwe na sheria inayokuruhusu na mwenyewe awe ameambiwa. Na kazi ya kuthibitisha ruhusa ilitolewa ni ya yule anayetumia. Mama hatakiwi kuthibitisha kwamba hakukubali, wao ndio wanatakiwa kuonyesha alikubali wapi na lini.

@JamaaWaKayole hofu yako sheria iliifikiria. Kifungu cha 52 kinatoa nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa, na mambo ya mtu nyumbani kwake na familia yake pia yako nje. Kwa hivyo wewe ukiwatumia jamaa zako stika hakuna mtu atakufuata Kayole.

#5 KinyoziRonga

Sasa hii inanigusa. Mimi ni kinyozi Rongai, peji yangu yote ni vichwa vya watu. Mteja nikimaliza kumtengeneza fedi namgeuza kwa kiti, piga picha, weka Instagram, na wengi wanafurahi hata wananiuliza "uniweke leo". Lakini kuna wengine sijawahi kuwauliza tukiwa na haraka. Hiyo nayo ni kosa? Biashara yenyewe ni ndogo sijasajiliwa mahali na ofisi ya Kamishna wa Data, wale wanaosimamia hiyo sheria.

#6 SheriaMtaani

@KinyoziRonga hilo swali ni la maana kwa sababu watu wengi wanachanganya hapo. Kanuni za usajili zilizoanza kutumika Julai 2022 zinasema ukiwa na mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 huhitaji kujisajili, labda uwe kwa zile kazi zilizotajwa kwamba lazima zisajiliwe. Lakini hujaepushwa na sheria yenyewe, umeepushwa na usajili tu. Mteja wako bado ana haki ile ile. Akisema "uniweke leo", hiyo ni ruhusa ila utaithibitisha vipi akikukana kesho? Na anaweza kuiondoa ruhusa yake wakati wowote, akikwambia toa, unatoa, huulizi mbona.

#7 PichaNaMwangaza

Mimi napiga picha ndio kazi yangu, harusi, ruracio (sherehe za mahari), graduesheni, matukio ya klabu wikendi. Nauliza kwa roho safi. Nimebeba kamera ya bei, nimesimama usiku mzima, nimekaa na kompyuta nikirekebisha rangi mpaka asubuhi. Hakimiliki ya picha si yangu? Sasa mtu aje aniambie nisiiweke kwa peji yangu ya kazi, nitapata wateja wengine aje?

#8 MwanaUmo

Dada nimekuelewa na jasho lako naliheshimu, lakini kwa picha moja kuna haki mbili zinakaa. Kuna haki ya aliyetengeneza picha, hiyo ni hakimiliki, na kuna haki ya aliye ndani ya picha, hiyo ni ya sura yake. Ya kwanza haimezi ya pili. Wewe unaweza kumzuia mwenzako asiibe picha uliyopiga, lakini hakimiliki pekee haikupi ruhusa ya kumfanya bibi harusi awe bango.

#9 SheriaMtaani

Na kuna kitu wapiga picha wengi hawapendi kusikia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001, inasema kazi ikiagizwa na mtu ambaye si mwajiri wako, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo wale maharusi waliokulipa, kama hamkuandikiana, hata hiyo haki ya kwanza inaweza kuwa ni yao. Dada weka mstari mmoja kwa mkataba wako, kwamba hakimiliki inabaki kwako na kwamba wamekubali uonyeshe picha kadhaa kwa peji. Wengi watakubali, ukiwauliza mapema kabla ya siku ya harusi.

#10 PichaNaMwangaza

Hiyo ya kuhamia sikuwa naijua na inaniuma. Na za klabu? Pale meneja ndiye ananilipa lakini ninaopiga ni wateja wake.

#11 MwanaUmo

Za klabu ndio zilileta kesi iliyofanya watu wa Nairobi waamke. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga Casa Vera Lounge, ile ya Ngong Road, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Fikiria mtu ametoka na marafiki zake, amekaa na glasi yake, kesho yake yuko kwa mtandao anapamba wikendi ya klabu. Labda alimwambia bosi wake ni mgonjwa, labda hakumwambia mtu kitu, labda hana cha kuficha kabisa ila hataki tu. Hiyo ya "hataki tu" inatosha, na hapo ndio mimi nasimama. Watu wanapenda kuuliza "kwani unaficha nini". Mtu halazimiki kuwa na siri ndio sura yake iheshimiwe.

#12 MamaWawili

Mimi niingie na ya watoto kwa sababu wanaume mnaongea juu ya klabu na kinyozi na mmesahau shule. Wakati huo huo wa Septemba 2023 kuna shule ya Uthiru, Roma School, ilipigwa faini ya 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Hiyo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko ya klabu, na ni haki iwe hivyo. Mtoto hawezi kukubali mwenyewe, sheria inasema mzazi ama mlezi ndiye anakubali na hata hapo iwe kwa faida ya mtoto.

Sasa angalieni shule zenu. Msimu wa kuandikisha ukifika peji inajaa watoto, huyu na yunifomu yenye jina la shule, huyu na basi nyuma lenye namba ya simu, huyu na beji ya jina kifuani. Mtu mbaya akitaka kujua mtoto fulani anaitwa nani, anasoma wapi, anashukishwa wapi, amepewa yote kwa picha moja. Mimi niliandika barua kwa shule ya wangu nikasema sitaki, mwalimu mmoja akaniona kama mtu wa maringo, lakini picha zilitolewa. Wazazi tuandike hizo barua. Msingoje fomu ya shule, kwa sababu ile fomu ya kujiunga huwa wameficha ruhusa kwa mstari wa mwisho karibu na pesa ya swimming, unaweka sahihi ukifikiria ada.

#13 JamaaWaKayole

Mama hapo umeniweza, ya watoto siwezi pinga.

Lakini nauliza, hizi faini zote milioni hivi milioni vile, yule mwenye picha anapata ngapi? Ama ni serikali inakula?

#14 SheriaMtaani

Swali zuri sana na magazeti hayalifafanui. Faini ni adhabu, inaenda kwa serikali. Kiwango chake cha juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, ile iliyo chini. Yule aliyeumizwa anaomba fidia, hiyo ni kitu tofauti, iko kifungu cha 65, na hasara inayohesabiwa si ya pesa tu, hata kuumizwa moyo imo. Kwa hivyo ukiandika malalamiko andika waziwazi kwamba unaomba fidia na ueleze umeumia aje. Wengi wanaandika "naomba wachukuliwe hatua" halafu wanashangaa hatua imechukuliwa na wao hawajapata kitu.

#15 MwanaUmo

Na usidhani ni wadogo tu wanashikwa. Desemba 2022 Oppo Kenya, hao watu wa simu, walipigwa milioni 5 nzima, picha ya mtu waliweka kwa stori za Instagram bila ruhusa, na walipoagizwa kurekebisha hawakutii. Stori. Ile kitu inakaa saa 24 inapotea. Kwa hivyo mtu asikuambie "si tumetoa". Walishatumia.

#16 SautiYaEastlands

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi kazi yangu ni sauti, nasomea matangazo, wakati mwingine MC. Mnaongea picha, mimi wacha nilie juu ya sauti.

Saa hii mtu anachukua dakika chache za sauti yako kutoka YouTube, anaweka kwa AI, na unasikika ukisoma tangazo la kamari hujawahi kuliona. Nimesikia za watangazaji wa redio wa hapa, sauti ni yeye kabisa, mpaka ile njia yake ya kuvuta maneno, ila ukisikiza vizuri pumzi hazipo, anaongea kama hana mapafu. Mwenzangu mmoja aliitwa kwa mahojiano ya kazi, akaombwa asome kurasa kadhaa za "majaribio", hakulipwa, hakupigiwa tena. Anaamini ile sauti ilienda kufundishia mashine na mimi naamini pia, sasa atathibitisha vipi?

Sisi wa sauti sheria inatujua?

#17 SheriaMtaani

Inawajua, na mahali pa kushangaza. Sheria ya 2019 ikifafanua data ya kibayometria inataja alama za vidole, DNA, kusoma jicho, hata umbo la ndewe ya sikio, na utambuzi wa sauti. Ndewe ya sikio! Aliyeandika hiyo sheria alikuwa anaona mbali. Kugeuza sauti ya mtu kuwa modeli ya mashine naona kabisa inaweza kubishaniwa kwamba ni usindikaji wa data ya aina hiyo. Wacha iende mbele ya Kamishna tuone.

Huko nje wamepigana hii vita zamani. Bette Midler, mwimbaji wa Marekani, alikataa kuimbia tangazo la magari ya Ford miaka ya 80. Kampuni ya matangazo ikaenda kumchukua mwimbaji aliyekuwa akimwitikia nyuma, ikamwambia aimbe kama yeye. Midler akashtaki, mwaka wa 1988 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba kuiga sauti inayojulikana ili uuze bidhaa ni makosa, na baadaye akapewa dola 400,000. Na hiyo ilikuwa mtu anaiga mtu, AI haikuwepo. Mwaka wa 2024 jimbo la Tennessee, nyumbani kwa Nashville na Memphis, likapitisha sheria ya kulinda sauti ya mtu dhidi ya AI, wameiita ELVIS. Mwaka huo huo Scarlett Johansson akalalamika kwamba sauti moja ya ChatGPT inafanana sana na yake baada ya yeye kukataa ombi la OpenAI, wenye ChatGPT, wao wakasema si yake, ni ya mwigizaji mwingine, lakini wakaisimamisha.

#18 SautiYaEastlands

Sasa hapo ndio ninaumia. Midler ni Midler, Johansson ni Johansson, wana mawakili. Mimi wa Buruburu sauti yangu haijulikani kwa jina, inajulikana kwa sikio. Mtu akiniiba hata mama yangu ndiye atakuwa shahidi wa kwanza.

#19 MwanaUmo

@SautiYaEastlands na ndio maana napenda hii yetu ya data kuliko hizo za mastaa. Kesi kama ya Midler inauliza kwanza sauti yako inajulikana kiasi gani. Yetu inauliza tu kama wewe ni mtu na kama unatambulika. Mama wa smocha hahitaji kuwa staa. Hiyo ni sheria ya mtu wa kawaida na inauma kuona imekaa tu wakati watu wa kawaida ndio hawaijui.

Ila kwa majaribio ya kazi, msikubali kusoma kurasa nyingi bila kuandikiana. Uliza sauti itatumika wapi, itakaa kwa muda gani, itafundishia AI ama haitafundishia. Asiyetaka kuandika jibu ameshakujibu.

#20 KinyoziRonga

Na nganya, hizi matatu za michoro? Huku kwetu Rongai nganya zimechorwa kila staa, wacheza mpira, marapa, hata wanasiasa. Hakuna mtu ameombwa ruhusa. Hiyo si biashara? Watu wanaacha matatu mbili zinapita wakingoja ile iko na mchoro.

#21 JamaaWaKayole

Wacheni nganya jamani. Hiyo ni sanaa ya Nairobi, vijana wanalishwa na hizo rangi.

#22 MwanaUmo

Nakubali ni sanaa na sitaki iguswe. Msanii ameketi na brashi ya hewa wiki nzima akachora uso kwa mkono, hiyo ni kazi yake, na staa mkubwa wa dunia hajapoteza kitu akipita Lang'ata Road kwa ubavu wa gari, pengine angefurahi. Sijasikia staa yeyote akimshtaki mwenye nganya. Lakini ningechorwa mimi, mtu wa mtaa, na jina langu, na hakuna aliyeniuliza, hapo ningeenda kuongea na mwenye gari. Kwa hivyo kwangu swali ni nani ana nguvu na nani hana. Mdogo akichora mkubwa naangalia kando. Mkubwa akichukua mdogo naandika uzi.

#23 MamaWawili

MwanaUmo tuambie huyo mama anataka nini, maana mmeongea sheria sana na yeye hajasikika.

#24 MwanaUmo

Nilikaa naye jana jioni akifunga. Nilidhani atasema anataka itolewe basi. Kumbe hapana. Anataka vitu viwili, watoe tangazo na watangaze kwa peji ile ile kwamba yeye hana uhusiano na mikopo yao, ili watu wa chama waone, na pili anataka alipwe kwa muda wote limekuwa likiendeshwa. Akaniuliza msanii akitangaza kitu kwa TV analipwa ngapi. Nikamwambia inategemea. Akasema "basi na mimi inategemea, waniite tuongee bei."

Nimeipenda hiyo sana. Kwa sababu watu wanafikiria ruhusa ni ukuta, eti mwenye kudai haki anataka kuzuia. Ruhusa ni mlango, unabisha, mnaongea, anaweza akafungua kwa bei na anaweza akakataa, na asipojua thamani yake unamweleza, humvizii. Mnakumbuka Worldcoin, wale wa sarafu ya kidijitali, Julai 2023, foleni pale ukumbi wa KICC, watu wanakaguliwa macho wapewe tokeni za kama shilingi 7,000? Serikali ikasimamisha Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru zile data zifutwe. Jambo moja lililowaangusha ni hiyo ruhusa ya kuvutwa na zawadi. Kumbe hata ukimlipa mtu, kama hajaelezwa vizuri anakubali nini, bado haijakuwa ruhusa.

#25 JamaaWaKayole

Hapo sasa tuko pamoja. Mimi nilidhani mnataka kufunga TikTok.

Sasa afanye nini hatua kwa hatua, kuna binamu yangu ana shida kama hiyo na duka la mitumba.

#26 SheriaMtaani

Ushahidi kwanza, kabla hujawaandikia, kwa sababu ukiwaandikia wanafuta. Rekodi skrini tangazo likicheza mpaka mwisho, jina la peji lionekane, tarehe ionekane, nakili kiungo. Kama ni Facebook ama Instagram, Meta wana maktaba yao ya matangazo iko wazi kwa kila mtu, unatafuta jina la peji unaona matangazo yanayoendelea na siku yalipoanza. Hiyo ni dhahabu, inaonyesha ni tangazo la kulipiwa na si utani wa mtu. Weka pia klipu ya asili ionekane haikutoka kwake.

Halafu waandikie, kwa barua pepe si inbox, uwaambie wewe ni nani, hukutoa ruhusa, unataka nini. Wakinyamaza ama wakikujibu vibaya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Ni bure. Hutakiwi kuwa na wakili. Unaweza kuandika kwa tovuti yao, ama ufike ofisini Britam Tower kule Upper Hill, na hata kuongea kwa mdomo wanapokea wanakuandikia, hilo ni muhimu kwa mama zetu. Wanaolalamikiwa wanapewa siku 21 kujibu, na sheria inataka jambo liamuliwe ndani ya siku 90. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu kwa siku 30.

Na kwa huyo mama, kwa kuwa ni mkopeshaji wa simu, tangu 2022 hao wanatakiwa leseni ya Benki Kuu, orodha ya wenye leseni iko kwa tovuti ya hiyo benki. Angalieni kama wamo. Kama hawamo, mna barua ya pili ya kuandika.

#27 MwanaUmo

Hawamo. Nimeangalia saa hii.

#28 SheriaMtaani

Basi andikeni zote mbili.

#29 PichaNaMwangaza

Nimeongeza mstari kwa mkataba wangu, na wa klabu nimemwambia meneja aweke tangazo mlangoni kwamba kuna mpiga picha, na asiyetaka apewe bendi ya mkononi ya rangi nisimpige. Amelalamika kuhusu bei ya bendi. Nimemwambia alinganishe na 1,850,000.

#30 KinyoziRonga

Wakili nimeandika hii nibandike kwa kioo, niangalilie: "Tunapenda kuonyesha kazi yetu. Tukikuomba picha una haki ya kukataa. Ukikubali tutaiweka kwa peji ya kinyozi. Ukitaka itolewe tuambie." Nitakuwa pia natuma WhatsApp kwa mteja, ajibu ndiyo ama hapana, nihifadhi.

#31 SheriaMtaani

Safi sana. Ongeza kwamba hiyo ni ya peji pekee, ukitaka kuilipia iwe tangazo utamuuliza upya. Na usitegemee kioo peke yake, hiyo WhatsApp ndiyo ruhusa. Mtoto, unamuuliza mzazi.

#32 KinyoziRonga

Na wa miaka 17 wa form four anakuja peke yake na pesa yake?

#33 SheriaMtaani

Mzazi.